Mgonjwa wa pili hayupo chumbani

Wanafunzi wa udaktari wanaokuja Mbeya kwa mafunzo ya vitendo huniuliza kwa nini nilichagua magonjwa ya ngozi na zinaa wakati upasuaji upo na watoto wapo. Huwajibu kwamba huku unamtibu aliyekaa mbele yako pamoja na mtu ambaye hujawahi kumwona. Nikimchoma mume sindano, akarudi kwa mke ambaye hajatibiwa, ataambukizwa upya na dawa yangu imepotea.

Njia ya kufika hapa ni ndefu: miaka 5 ya shahada ya udaktari, mwaka 1 wa utarajali, kisha shahada ya uzamili. Kwetu ngozi na zinaa husomwa pamoja. Pale KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa 1992, na kimesomesha watumishi wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika. Dawa utazijua mapema. Kuuliza ndiko kunakochukua miaka.

Anaingia mzee wa rika la baba yangu. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, halafu anasema ana UTI sugu. Ameshameza vidonge vya kila rangi kutoka duka la dawa, na dozi hakumaliza hata moja. Hapo namwambia, "Mzee wangu, nitakuuliza mambo ambayo mtoto hamuulizi baba yake. Naomba ruhusa." Wengi huangalia chini kidogo, kisha husema, "Uliza tu, daktari." Sitaki kujua kama ametoka nje ya ndoa, hilo ni la wazee wa ukoo. Nauliza miezi 3 iliyopita amekutana kimwili na watu wangapi, na kama wanapatikana. Nimeona watu wazima wakilia kwa kuulizwa hivyo bila kukaripiwa.

Ugonjwa ninaouogopa zaidi ni kaswende, kwa sababu hauumi. Wiki 3 hivi baada ya kuambukizwa hutokea kidonda kigumu kisicho na maumivu, na hupona chenyewe hata bila dawa. Mtu anashukuru Mungu. Baadaye hutoka vipele, mara nyingi mpaka viganjani na kwenye nyayo, navyo hupotea. Vimelea vinabaki mwilini, na miaka mingi baadaye vinaweza kuharibu moyo na ubongo. Kwa mjamzito, hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Na tiba yake ya hatua za mwanzo ni penisilini ya benzathini, uniti milioni 2.4, dozi moja tu! Ndiyo maana mama akianza kliniki hupimwa kaswende na VVU, na mumewe huombwa aje naye. Baba anayebaki nje ya geti hunikosesha raha siku nzima.

Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, nayo huwakaa wanawake wengi bila dalili yoyote, huku ikiziba mirija ya uzazi. Matokeo yake binti anaitwa tasa na mawifi, anapelekwa kwa waganga, na mume anatafutiwa mke mwingine. Katika kesi kama hizo naomba mume apimwe siku ileile. Mara nyingi familia haijawahi kuwaza kwamba naye anahusika.

Tunaishi kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia. Malori hulala Makambako, hupita Mbeya, na Tunduma husubiri zamu ya kuvuka mpaka. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Vidonda na uvimbe wa sehemu za siri huipa VVU mlango. Utafiti uliofanyika Mwanza, ukachapishwa 1995, ulionyesha kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Nikichoka, huwa nafikiria namba hiyo, maana kazi ile ilifanywa na watumishi wa kawaida wa vijijini.

Basi, dereva wa lori akimaliza kutibiwa, nampa kadi ya kumpelekea mwenza. Haina jina la ugonjwa. Inasema tu aliyeishika ahudumiwe, na ina namba ya siri ambayo mtaalamu mwenzangu ataielewa. Kama ana mwenza Tunduma na mwingine Mafinga, anaondoka na kadi 2, na kila mmoja atatibiwa alipo bila kuulizwa nani kampa. Namsihi wasikutane kimwili mpaka wote wamalize dawa na siku 7 zipite. Halafu namwomba namba ya simu, kwa hiari yake, ili wiki ijayo nimuulize kama kadi zimefika.