Chikungunya si kidingapopo

Juzi barazani, hapa mtaa wa Langoni mjini Lamu, mzee mmoja alisema kuwa mwaka 2004 Lamu ilipigwa na dengi. Jirani yake akamrekebisha kwamba ilikuwa chikungunya, kisha akaongeza kuwa yote ni mamoja, kwani chikungunya ni jina la Kiswahili la dengi. Nimeyasikia maneno haya mara nyingi mno.

Chikungunya ni homa ya virusi inayoenezwa na mbu wa aina ya Aedes, mweusi mwenye alama nyeupe, anayeuma mchana. Dengi huenezwa na mbu huyo huyo, lakini virusi vyake ni vingine kabisa.

Jina chikungunya si la Kiswahili. Ni la Kimakonde, nalo liliingia katika vitabu vya tiba kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika nyanda za Makonde, kusini mwa Tanganyika. Kiambishi chi- cha mwanzo ni sawa na ki- yetu, na kitenzi kungunyala kina maana ya kupinda au kujikunja, kwa sababu mgonjwa huumwa viungo hata akashindwa kunyooka. Waliougua hapa wakawa wanashika ukuta ili wafike msalani hawahitaji kamusi.

Lililo letu, la dengi, ni kidingapopo. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa mwaka 1870, aliliandika kama kidinga pepo, yaani mshtuko wa ghafla wa misuli unaodhaniwa kuletwa na pepo, na wapo wengi wanaoamini kuwa neno dengue lenyewe limetokana na dinga hiyo, ingawa wengine wanabisha. La ajabu ni kwamba baadhi ya watafiti, wakisoma upya dalili alizozieleza Christie, hasa yale maumivu ya viungo yasiyokwisha, wanaona kuwa ugonjwa ule wa Unguja huenda ulikuwa chikungunya. Ikiwa ni hivyo, ugonjwa mmoja umeondoka na jina la mwenzake.

Tofauti hii si ya wapenda maneno pekee. Dengi kali huweza kumtoa mgonjwa damu, na ndiyo maana hapaswi kupewa aspirini kabla haijajulikana anaugua nini. Chikungunya huua mara chache, lakini viungo huweza kuuma kwa miezi. Wala wingi wa wagonjwa si kipimo cha vifo: vipimo vya damu vilivyofanywa baada ya mlipuko wa 2004 vilikadiria kuwa robo tatu ya watu wa Lamu, kama 13,500, waliambukizwa, na mji haukugeuka makaburi, ilhali Ebola ya Afrika Magharibi ya 2014 hadi 2016 iliwapata watu wapatao 28,600 katika nchi zenye mamilioni, ikaua zaidi ya 11,000. Mlipuko wetu ulihusishwa na ukame, maana maji yalipoadimika watu waliyaweka kwenye mapipa na mitungi, na mbu huyu hutaga humo. (Wazee waliofuga samaki wadogo ndani ya birika walijua walifanyalo.) Kutoka pwani yetu ugonjwa ukafika Komoro, Réunion, hata India.

Basi, mzee wangu, ya mwaka 2004 ilikuwa chikungunya, tena kwa Kimakonde. Dengi ni ile iliyozuka Malindi mwaka 1982, na hiyo ndiyo tunayoiita kidingapopo siku hizi, japokuwa huenda wazee wa Unguja waliliita hivyo lile lililowapinda.