Chaki sio chokaa, na genge sio mlima

Wiki iliyopita shangazi yangu anayeishi Uingereza katuma picha kwenye grupu la ukoo, amesimama nyasini, nyuma yake ukuta mweupe pee unashuka mpaka baharini, chini kaandika "niko kwenye milima ya chokaa ya Dover". Watu wakamwaga mioyo na maua. Siku mbili mbele binamu kaichukua kaiweka kwenye status yake na maneno yaleyale, halafu nikakutana na tangazo la safari za Ulaya nalo linasema milima ya chokaa, hapo nikaona basi imetosha. Shangazi huwezi kumsahihisha mbele ya ukoo mzima, kwa hiyo nasemea huku.

Maana kwanza, haraka haraka. Ule ukuta mweupe ni wa chaki, na chaki ni mwamba laini mweupe uliotokana na vijimea vidogo mno vya baharini, vidogo hata jicho halivioni, ambavyo vikiwa hai hujivisha vigamba vya kalsiamu kaboneti. Vikifa vigamba vinazama, vinalala sakafuni baharini, tabaka juu ya tabaka, na nyingi ya chaki tunayoiona leo ililala hivyo kati ya miaka milioni 100 na milioni 66 iliyopita, baadaye ardhi ikainuka na bahari ikaanza kuula ule mwamba kwa pembeni. Ndo hiyo. Unaweza kuikwaruza kwa ukucha.

Sasa tuje kwenye kinachoniuma.

Chokaa kwa Kiswahili chetu ni kitu kilichopita motoni. Muulize mtu yeyote wa pwani, chokaa inachomwa. Unakusanya mawe ya matumbawe, unapanga kuni, unawasha, mawe yakishaiva unayamwagia maji yanachemka yenyewe na kugeuka unga, na huo unga ndo unaopaka ukutani, unaochora mistari ya uwanja wa mpira, na kidogo chake wazee wanapaka kwenye tambuu. Ukisema "milima ya chokaa" mimi naona mlima wa unga, yaani mvua moja tu ikinyesha habari imeisha.

Kuna mtu atasema lakini kuna "mawe ya chokaa", na hapo nakubali, tena shangazi angeandika hivyo nisingekuwa na la kusema sana. Mawe ya chokaa ni ukoo mkubwa wa miamba ya kalsiamu kaboneti, na chaki ni mtoto mmoja kwenye huo ukoo. Mapango ya Amboni kule Tanga yako kwenye mawe ya chokaa, lile jiwe la matumbawe lililojengewa Fort Jesus na nyumba za Mji Mkongwe nalo ni ukoo huohuo, ila hakuna hata moja kati ya hayo lililo chaki. Nenda Amboni ukajaribu kukwaruza ule mwamba kwa ukucha uone nani ataumia.

Halafu kuna balaa la pili, la darasani. Sisi neno chaki tumelipokea likiwa limeshikwa na mwalimu. Waingereza walikuwa na mwamba kwanza, wakakata vipande wakaandikia ubaoni, jina la mwamba likahamia kwenye kipande, na sisi tumeletewa kipande peke yake, mwamba ukabaki kwao. Kwa hiyo mtu akisikia "magenge ya chaki", yaani kuta za mwamba kama ile ya kwenye picha, anaona maboksi ya chaki yamepangwa ufukweni, anaona hilo haliwezekani, anakimbilia chokaa. Namwelewa kabisa.

Utamu ni kwamba chaki nyingi za ubaoni siku hizi wala si chaki. Ni jasi, ndo ileile jipsamu ya kwenye madari, ileile inayochimbwa Makanya kule Same, na jasi ni kalsiamu salfeti, ukoo mwingine kabisa. Kama unabisha chukua ndimu. Kamulia kwenye ganda la konokono wa baharini au kipande cha tumbawe, utaona vipovu vinatoka. Chaki ya Dover ingetoa povu vilevile. Kamulia kwenye chaki ya mtoto wa shule, mara nyingi inalowa tu, kimya. Mimi nilifanya hivyo juzi mezani, mke wangu akauliza kama nimekosa kazi.

Ila kabla sijajifanya mjuaji sana, historia ya neno lenyewe inanivuruga. Chaki imetoka kwa Waingereza, na Waingereza walilitoa kwenye Kilatini, calx, na Warumi wakisema calx walikuwa wanamaanisha... chokaa! Wajerumani wamebaki na maana ya zamani, mpaka leo wakisema Kalk wanamaanisha chokaa na mawe yake, wakati chaki wanaiita Kreide, kutoka neno lingine la Kilatini, creta, ambalo Wafaransa nao wamelifanya craie. Yaani Waingereza ndo waliohamisha jina, wakalitoa kwenye chokaa wakaubandika mwamba mweupe uliojaa kusini mwa nchi yao. Na hiyo creta ndo iliyozaa jina la kipindi kizima cha dunia, Kretasia, mwaka 1822 mwanajiolojia Mbelgiji d'Omalius d'Halloy aliita hivyo kwa sababu ya matabaka ya chaki aliyoyakuta Ufaransa na jirani zake. Kipindi cha mwisho cha dinosaria kimepewa jina la chaki, na sisi tunaijua kwa kupigwa nayo kichwani tukisinzia darasani.

Kwa hiyo shangazi kiasili kasema Kirumi safi. Tatizo ni kwamba ukoo unaongea Kiswahili.

La pili ni mlima. Ile si milima jamani. Mlima unapandwa, una kilele, una pande zote. Kile kilichopo Dover ni ardhi ya kawaida tu yenye nyasi na kondoo, unatembea unatembea halafu ghafla ardhi imeisha, chini mita mia hivi ni bahari. Hicho Kiswahili kina neno lake, ni genge. Najua ukisema genge mtu anawaza wahuni au pale unaponunua nyanya na vitunguu, lakini neno lipo tangu zamani, ukingo wa ardhi ulioporomoka wima, na linakaa vizuri kuliko mlima. Genge la Beachy Head lina mita 162, ndo refu kuliko magenge yote ya chaki ya baharini kule Uingereza. Denmark wana Møns Klint, Ujerumani wana yale ya kisiwa cha Rügen ambayo mchoraji Caspar David Friedrich aliyachora mwaka 1818, Ufaransa wana Étretat yenye matao yaliyotobolewa na mawimbi. Ukitaka chaki ya Afrika nenda Misri, Jangwa Jeupe karibu na Farafra, kule bahari haipo, upepo ndo umechonga chaki mpaka imekuwa kama uyoga mkubwa umesimama mchangani.

Na ukishuka ufukweni chini ya magenge ya Uingereza utashangaa kokoto si nyeupe, nyingi ni nyeusi na kijivu na ngumu balaa. Hizo ni gumegume, zinakaa kwa mistari ndani ya chaki, chaki ikimomonyoka zinabaki. Ndo hizohizo za bunduki za gumegume, mji wa Brandon kule Uingereza ulikuwa unazichonga na kuziuza mpaka Afrika.

Kitu ambacho matangazo ya safari hayasemi ni kwamba ule weupe unatokana na kuanguka. Bahari inakula chini, mvua inaloa ndani, barafu inapasua, kipande kinadondoka, ndo ukuta mpya mweupe unatokea. Sehemu ambazo bahari imezuiwa kwa kuta na bandari majani yanaota taratibu na genge linakuwa kijani. Mwaka 1999 mnara wa zamani wa taa wa Belle Tout, karibu na Beachy Head, ilibidi uinuliwe mzima mzima na kusogezwa mita 17 nyuma kwa sababu ukingo ulikuwa unaufuata. Rügen nako vilele vya Wissower Klinken, vilivyokuwa kwenye kila kadi ya posta, vilidondoka baharini 2005.

Basi shangazi, shikamoo. Picha ni nzuri mno na koti limekukaa. Ila nimeangalia ile mikunjo saba ya nyuma yako na zile nyumba ndogo za mbele, pale si Dover, ni Seven Sisters, Sussex, Dover iko Kent huko, hata wenye filamu huwa wanadanganya hivyohivyo. Ukipata nafasi andika tu "magenge ya chaki ya Seven Sisters". Na siku nyingine usisimame ukingoni vile, kwa chini huwa pameshalika na ukiwa juu huoni.