Mambo tunayoambiana kuhusu barabara na mitaro ya Malindi ambayo si kweli

Masika ikishapiga mvua mbili tatu hapa Malindi utasikia yale yale, stejini, kwenye mahamri asubuhi, nje ya msikiti watu wakitafuta viatu vyao, kila mtu ana sababu yake ya kwa nini barabara imekufa na nyingi si za kweli. Linaniuma hili jambo manake tukikosea sababu tunaenda kupiga kelele mlango usio wenyewe, na maji yanaendelea kuingia vyumbani mwa watu.

Kubwa kuliko yote ni hili: "lami inamalizwa na malori." Malori yana mchango wake, sikatai, lakini muuaji hasa ni maji. Lami yenyewe juu ni ngozi tu, nguvu ya barabara iko kwenye matabaka ya chini, kokoto na udongo ulioshindiliwa. Lami ikipata ufa hata mwembamba kama uzi, na maji yamesimama juu yake kwa sababu mtaro umeziba, yanapenya taratibu hadi chini, lile tabaka linakuwa uji, halafu hata probox iliyojaa abiria inatosha kulibonyeza, ngozi inakatika na shimo limezaliwa. Angalia mwenyewe ukipita, mashimo mengi yako pale pale dimbwi linapokaa kila mwaka. Pahali maji yanapokimbia, lami ya umri ule ule bado iko. Kwa hivo ukiona vijana wako ndani ya mtaro na sepetu wanatoa mchanga, hiyo ndo kazi ya barabara yenyewe, usiseme wanapoteza siku.

Na mchanga wetu huu wa pwani ni shida kweli, upepo unauleta, mvua inausukuma, na kila anayejenga anamwaga tani zake kando ya barabara wiki nzima bila kuuzungushia kitu, mvua ikija wote unaingia mtaroni. Ukisafisha mwezi wa tatu, mwezi wa tano umejaa tena. Tope likitolewa likaachwa pembeni siku mbili lichuje maji kabla ya kupakiwa, hilo naelewa. Likikaa wiki tatu hadi mvua ilirudishe ndani, hiyo ni kazi mbovu na tuseme wazi.

Kuna wanaosema fundi hakujua kupima, eti barabara ina mgongo. Ule mgongo umewekwa makusudi! Barabara ya lami kwa kawaida huinamishwa asilimia 2.5 kutoka katikati kwenda pembeni, yaani kila mita moja inashuka sentimita mbili na nusu, ili maji yateremke yaingie mtaroni. Ndo maana yale matuta ya udongo na mawe tunayojiwekea wenyewe mtaani kupunguza mbio za bodaboda yanadhuru, nia ni njema kwa sababu ya watoto, lakini yanazuia maji yasitembee na baada ya msimu mmoja lami iliyo nyuma ya tuta imeshaoza. Tuta linalofaa linaacha nafasi pembeni maji yapite.

Halafu "wametujazia mawe, wametudanganya." Hapa ni nusu kwa nusu. Lami ya moto haishiki pahali palipolowa, kwa hivo katikati ya mvua kujaza shimo kokoto na kushindilia ni huduma ya kwanza, gari zipite. Tiba yenyewe inakuja jua likirudi, unakata kingo za shimo ziwe pembe nne hadi ufike kwenye lami nzima, unatoa udongo wote mbichi, unajaza na kushindilia kwa tabaka, unapaka lami nyepesi chini na kwenye kingo ili mpya ishikane na kuukuu, ndo unaweka lami na kupitisha rola. Sasa kama kiangazi kimefika na bado ni zile kokoto, au kama wamemwaga lami juu ya vumbi na kuipigapiga na sepetu, hapo una haki ya kulalamika na ulalamike.

Kwa nani? Hapo pia tunachanganya. Watu bado wanasema "baraza la mji limelala," na lile baraza la manispaa la zamani liliondoka 2013 serikali za kaunti zilipoanza. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na mifereji ya maji ya mvua mijini, kwa hivo mitaro ya mitaani kwetu ni kaunti ya Kilifi na manispaa ya sasa iliyo chini yake. Lakini ile barabara kuu ya kutoka Mombasa iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu ya serikali ya kitaifa, na kuna KURA ya barabara za mijini na KeRRA ya barabara za vijijini pia, zote tatu zimetokana na sheria ya 2007. Maji ya El Niño yalipokata barabara hiyo pale Mbogolo Novemba 2023, wa kuirudisha alikuwa KeNHA, sio kaunti. Ada ya parking nayo sio inayobeba barabara peke yake kama tunavyodhani, kila lita ya petroli au dizeli unayonunua ina ushuru wa kutunza barabara, shilingi 25 tangu 2024, awali ilikuwa 18. Mwenye tuktuk analipia barabara kila siku anapojaza tangi, na ana sauti kama mwenye gari kubwa.

Mtaro wa mvua sio wa majitaka, hili naomba tulishike sana. Mji wetu hauna mabomba ya majitaka ya kuchukua choo cha kila nyumba, tunatumia mashimo ya choo, na shimo likijaa kuna wanaotoboa bomba usiku kuelekea mtaroni. Mvua ikija ule uchafu unaogelea hadi mlangoni kwa jirani. Tena mtu atakwambia mtaro unaonuka ndo unaleta malaria, hapana, mbu wanaopenda maji machafu wengi ni Culex, hao wanaoimba usiku kucha na ndo wanaoeneza matende huku pwani. Wa malaria hupenda zaidi maji safi yenye jua, na wa dengi na chikungunya yuko kwenye pipa na jaba lako lisilofunikwa. Kuzibua mtaro bado ni lazima, ila usidhani ukishazibua umemaliza mbu.



La mwisho, "mtaro ulio mbele ya duka langu ni wangu." Uko kwenye ardhi ya barabara. Mtaani kwetu kuna jengo lilifunika mtaro na zege mita kama kumi, chini wakaweka kabomba kembamba, chupa tatu tu zimekaziba na mama mmoja mzee nyuma yake amefurikwa misimu miwili, godoro na unga vyote vimeharibika. Kufunika kunaruhusiwa ukipewa kibali, ukiweka kalvati la upana unaofaa na mfuniko unaofunguka kusafishia. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na wananchi wanatakiwa kusikizwa, kwa hivo safari hii tunaenda na picha tulizopiga mvua ikinyesha, zenye tarehe na jina la mtaa, zinazoonyesha maji yanatoka wapi na yamekwama wapi.