Dainamomita haijakwambia hivyo

Ukipita gereji za Ngamiani siku hizi, fundi anayeuza ea klina ya wazi, yaani chujio la hewa ya injini lisilo na kasha, lenye umbo la pia, anakuonyesha video ya gari lililofungwa mikanda juu ya roli. "Kaka, hii imepimwa kwa dainamomita, imeongeza nguvu." Mjadala unaishia hapo, na hapo ndipo ulipaswa kuanza.

Dainamomita ya gari zima hupima nguvu inayofika kwenye magurudumu. Magurudumu yanazungusha roli, mashine inasoma nguvu ya kuzungusha na mizunguko kwa dakika: Newton-mita mara mizunguko, gawa kwa 9,549, unapata kilowati. Hesabu hiyo sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni boneti. Kwenye video nyingi iko wazi, na feni imewekwa mbele. Sasa angalia kila kifaa kinavuta hewa wapi. Bomba la hewa la kiwandani, lile lililokuja na gari, huchukua hewa nyuma ya shoo ya mbele au ndani ya madigadi, mbali na joto. Ea klina ya wazi hukaa ndani kabisa, jirani na rejeta na ekzosi. Ukifungua boneti, zote mbili zinavuta hewa ileile ya chumbani, na udhaifu mkubwa wa ile ya wazi umeondolewa kabla kipimo hakijaanza. Funga boneti, simama kwenye foleni mchana wa Februari hapa Tanga, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 35 hadi 65, uzito wake katika ujazo uleule unapungua karibu asilimia 9. Joto hilo likiyafanya mafuta yatake kulipuka kabla ya wakati, kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, hurudisha nyuma taimingi ya kuwasha mafuta, na nguvu inashuka tena.

Lakini dhuluma inaweza kwenda upande wa pili pia. Boneti ikifungwa na feni ikawa dhaifu, ea klina ya wazi inaadhibiwa kuliko inavyostahili, kwa sababu gari likienda kilomita 100 kwa saa linapigwa na upepo wa karibu mita 28 kwa sekunde, na feni ndogo haifiki huko. Wanaodai upepo huo unaijaza injini hewa kwa nguvu nao wanazidisha: kwa mwendo huo shinikizo linaongezeka chini ya nusu asilimia. Faida yake kubwa ni kuondoa joto.

Utaambiwa matokeo "yamerekebishwa" kwa hali ya hewa. Ni kweli, kanuni za upimaji wa nguvu za injini kama SAE J1349 hurudisha kipimo kwenye nyuzi 25. Ila kipimajoto kinachotumika husoma hewa ya chumba. Hewa iliyochemka ndani ya boneti haimo kwenye hesabu hiyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu fundi, sema hivi: boneti ikiwa wazi, kwenye chumba kile, kifaa hiki kilitoa nguvu zaidi. Hilo ni kweli na linatosha kusemwa. Mteja akiuliza itakuwaje barabarani akielekea Segera, chomeka mashine ya dayagnosisi, funga boneti, mwendeshe gari mkisoma joto la hewa inayoingia, kwanza na bomba la kiwandani, halafu na hiyo ya wazi, kisha mrudie la kiwandani injini ikiwa na joto lilelile.