Mbwa anayeuzwa mtandaoni naye yumo ndani ya sheria

Wengi Arusha na Moshi huamini kwamba mtoto wa mbwa anayeuzwa kwa picha za simu ni makubaliano ya watu wawili tu, na kwamba sheria huanzia kwenye duka lenye leseni. Dhana hiyo inaeleweka, kwani muuzaji mara nyingi haonekani. Hata hivyo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 huangalia jinsi mnyama anavyotendewa, si mahali tangazo lilipowekwa, kwa hiyo anayemsafirisha kwa basi ndani ya boksi lisilopitisha hewa hasalimiki kwa kuwa hana duka.

Kabla ya kutuma pesa, mnunuzi aombe kumwona mtoto huyo akiwa na mama yake, kisha amfunue mdomo: meno ya utotoni, 28 kwa jumla, kwa kawaida hukamilika karibu na wiki ya 8, hivyo ufizi wenye mapengo mengi huenda ukaonyesha kwamba ametenganishwa na mama mapema mno. Tarehe za kadi nazo zisomwe. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 3. Ikiwa imeandikwa kwa mtoto wa wiki 6, aulizwe daktari wa mifugo wa halmashauri.