Utambi namba ngapi? Ninavyojaribu nta na tambi kabla mshumaa haujatoka nyumbani kwangu

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wanaoanza kutengeneza mishumaa ya harufu ni hili: "Dada, glasi yangu ni ya hivi, nitumie utambi namba ngapi?" Na kila siku jibu langu linawakera kidogo, maana siwezi kutaja namba. Utambi unachaguliwa kwa glasi na nta na mafuta ya harufu na asilimia uliyoweka na rangi kama umeweka, vyote kwa pamoja, ukibadilisha kimoja tu inabidi urudi kuwasha upya. Leo nieleze kwa urefu, kwa sababu naona watu wanauza mishumaa ambayo hawajawahi kuwasha hata mmoja mpaka chini, na hilo linaniuma kweli. Huo ni moto, unaenda kukaa sebuleni kwa mtu mwenye watoto na mapazia.

Kwanza uelewe kinachowaka ni nini. Wengi wanaamini utambi ndio unaoungua. Joto la mwali linayeyusha nta, nta inapanda ndani ya nyuzi za pamba kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye kibatari, ikifika juu inageuka mvuke, na huo mvuke ndio unaoshika moto. Kama huamini fanya hivi leo usiku: zima mshumaa, halafu kabla ule moshi mweupe haujaisha sogeza kiberiti kinachowaka kwenye moshi, sentimita mbili hivi juu ya utambi. Moto utaruka wenyewe kurudi chini. Ule moshi ni nta. Basi utambi mwembamba kwenye nta nzito haupati chakula cha kutosha, mwali unakuwa mdogo, unachimba shimo katikati na mwisho unazama. Utambi mnene kwenye nta laini unavuta nta nyingi kuliko hewa inavyoweza kuunguza, na kile kisichoungua vizuri ndiyo yale masizi meusi kwenye mdomo wa glasi.

Sasa nta. Parafini wote tunaijua, ndiyo ya ile mishumaa mirefu myeupe ya umeme ukikatika, inatokana na mafuta ghafi na inatoa harufu vizuri sana, asikudanganye mtu. Lakini parafini zipo nyingi, kuna za kuyeyuka nyuzi joto 46 na kuna za kupita 60, ile ngumu ya kusimama bila chombo ukiimwaga kwenye glasi inasinyaa ikipoa, inaachia ukuta na kubonyea katikati. Ndiyo maana anayeyeyusha mishumaa ya dukani ili aanze biashara namwambia sawa, jifunzie kumwaga na kupima, ila usiuze, kwa sababu hujui umeyeyusha nini na wiki ijayo ukinunua pakiti nyingine inaweza isiwe nta ileile.

Nta ya soya ndiyo ninayoitumia zaidi. Ile ya kwenye vyombo inayeyuka kwenye nyuzi 46 mpaka 50 hivi, inashika glasi vizuri, inaungua taratibu. Shida yake ni nzito ikiyeyuka kuliko parafini, kwa hiyo mara nyingi inataka utambi mkubwa zaidi kwa glasi ileile, na inahitaji muda wa kukaa. Mshumaa wa soya ukiuwasha kesho yake harufu inakuwa hafifu unakata tamaa, ukiuacha wiki mbili umefunikwa ni mshumaa mwingine kabisa. Pia inatoa ukungu mweupe juu kama chumvichumvi, hasa ukiweka rangi, hiyo ni tabia yake na haina madhara yoyote.

Nta ya nyuki tunayo nzuri sana hapa Tanzania, ile ya Tabora na kanda yote ya miombo, na inaniuma kuona mtu anaagiza nta nje wakati hajawahi hata kuinusa ya kwetu. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64. Ni ngumu, inataka utambi mnene, wengi tunatumia ule wa pamba uliosukwa wa pembe nne, na lazima uichuje mpaka iwe safi, kwa sababu uchafu wowote unaziba utambi. Kwa mishumaa ya harufu siitumii peke yake, ina harufu yake ya asali na inagombana na nyingi. Ninachofanya naichanganya na soya, sehemu moja kwa tisa, inaipa soya ugumu kidogo, na kwa joto la Dar hilo ni jambo kubwa.

Na mafuta ya nazi? Naulizwa sana na watu wa pwani. Mafuta ya nazi ya jikoni yanayeyuka kwenye nyuzi 24, yaani hapa kwetu mchana ni maji. Nta ya nazi inayouzwa kwa ajili ya mishumaa imefanyiwa kazi kiwandani ikawa ngumu zaidi, ni kitu kingine hicho.

Tambi nazo. Za pamba zilizosukwa bapa, za pamba zenye uzi wa karatasi katikati, zenye waya wa zinki, na za mbao. Mnajua kwa nini zinasukwa? Zamani utambi ulikuwa umesokotwa tu, unabaki umesimama katikati ya mwali, unarefuka, moshi unajaa, mtu anakaa na mkasi pembeni kuukata kila baada ya muda mfupi. Miaka ya 1820 Mfaransa anayeitwa Cambacérès akausuka, na utambi uliosukwa ukiungua unajikunja, ncha inatoka pembeni ya mwali kwenye hewa na kuungua yenyewe. Hicho kikunjo kidogo unachokiona ndiyo kazi yake. Kuhusu waya, Marekani walipiga marufuku tambi zenye kiini cha madini ya risasi mwaka 2003, kwa hiyo ukiuziwa utambi wenye waya na huna uhakika nao, toa waya usugue kwenye karatasi nyeupe. Ukiacha mstari wa kijivu kama penseli, tupa. Zinki haiachi.

Namba za tambi usizilinganishe kati ya aina moja na nyingine. Namba 10 ya aina hii haina undugu wowote na namba 10 ya aina ile. Jedwali la muuzaji linakupa pa kuanzia tu, mi huwa nachukua namba waliyosema, moja chini yake na moja juu yake, natengeneza mishumaa mitatu inayofanana kila kitu isipokuwa utambi.

Nichukue mfano wa mshumaa wangu wa karafuu, kwa sababu ndio ulionifundisha zaidi. Glasi ya kipenyo cha sentimita 7.5, soya gramu 200, mafuta asilimia 8 ya uzito wa nta, yaani gramu 16. Pima kwa mizani tafadhali, vijiko havifai, mafuta hayalingani uzito. Mafuta yenyewe ni yale ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, pale Wawi kisiwani Pemba kuna kiwanda kinachoyakamua kwa mvuke. Sasa mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, ukidondosha kwenye maji yanazama, wakati nta inaelea. Unaona tatizo? Nikikoroga kivivu yanashuka chini, mshumaa unaanza bila harufu na unaishia na tope la mafuta ambalo utambi hauliwezi. Kwa hiyo nayatia nta ikiwa nyuzi 70 hivi, nakoroga taratibu dakika 2 kamili nikiangalia saa, namwaga ikishuka karibu 58. Vaa glavu, mafuta ya karafuu yanachoma ngozi. Na nta yeyusha kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji, usiweke moja kwa moja kwenye jiko, na ikitokea imeshika moto funika na mfuniko zima jiko, usimwagie maji hata kidogo.

Baada ya wiki mbili nikaziandika glasi kwa seloteipu A, B, C, utambi mdogo, wa kati, mkubwa. Nikakata kila utambi ubaki milimita 5, nikazima panga boi, nikafunga dirisha, nikawasha saa 12 jioni. Kipimo tunachotumia ni kwamba nta inatakiwa iyeyuke kama saa moja kwa kila sentimita 2.5 za kipenyo, kwa hiyo glasi hii inatakiwa ifike ukingoni kwenye saa tatu. Kila baada ya nusu saa naandika upana wa kidimbwi cha nta iliyoyeyuka, urefu wa mwali, joto la glasi kwa nje, kuna uyoga, yaani kile kidonge cheusi cha masizi, kwenye ncha ya utambi au hamna, harufu inafika wapi. Saa 4 usiku nikazima zote, zipoe kabisa mpaka kesho. Saa nne kila mzunguko, siwashi mfululizo, maana hata mteja hataiwasha hivyo.

Usiku wa kwanza C ilikuwa imefika ukingoni ndani ya saa moja na nusu, inang'aa, harufu mpaka koridoni. B iliacha ukingo wa nta kama milimita 4 kuzunguka glasi. A iliacha sentimita nzima. Mtu anayejaribu usiku mmoja angechagua C na kuanza kuuza asubuhi.

Nikaendelea. Usiku wa tatu C ilikuwa na uyoga mweusi kwenye utambi, mwali unachezacheza bila upepo, mdomo wa glasi umeanza kuwa mweusi. A imezama ndani ya shimo lake, mwali kama punje ya mchele. B, ule ukingo wa nta ulioachwa usiku wa kwanza ukawa umeyeyuka wenyewe, glasi safi. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wengi hawaijui: mshumaa unavyoshuka ndani ya glasi unazidi kupata joto, kuta zinakuwa juu ya mwali zinashika joto na kulirudisha, kwa hiyo utambi unaoonekana mdogo kidogo juu mara nyingi ndio utambi sahihi chini. Usiku wa sita glasi ya C sikuweza kuishika kwa mkono, themomita ilipita nyuzi 75, nikauzima pale pale. Mi kikomo changu ni 60 kwa nje.

Na nina sababu ya kuwa mkali hapo. Miaka ya nyuma niliwahi kupitisha mshumaa kwa kuujaribu nusu tu, juu ukawaka vizuri sana, nikatengeneza kumi na mbili. Nikaubakisha mmoja mezani kwangu, siku ya mwisho wake nikiwa jikoni nikasikia kitu kimelia tak, glasi imepasuka ufa kutoka chini mpaka katikati na nta ya moto inatembea mezani kuelekea ukingoni. Nilizima kwa mfuniko, mikono inatetemeka, halafu nikakaa kupiga simu moja baada ya nyingine kuomba mishumaa irudishwe. Kumi ilirudi. Mmoja ulikuwa umeshawashwa ukaisha salama, namshukuru Mungu mpaka leo.

Tangu hapo kuna vitu sivifanyi. Krayoni za watoto siweki kama rangi, zinaziba utambi, tumia rangi inayoyeyuka kwenye mafuta. Pafyumu ya kujipulizia siweki, ina spiriti. Ladha za keki zenye maji hazichanganyiki na nta, zinakaa chini na mshumaa unarusharusha cheche. Harufu zenye vanila zinaugeuza mshumaa kuwa wa kahawia siku zinavyokwenda, hiyo si ubovu, ila inataka kujaribiwa upya pia, kwa sababu mafuta mazito yanabana utambi. Na gunia jipya la nta, hata kama muuzaji ni yuleyule na jina ni lilelile, nawasha mshumaa mmoja mpaka mwisho kabla sijamwaga oda.

Joto la kwetu nalo lijaribu makusudi. Desemba mpaka Machi Dar mchana inapita 31, na ndani ya gari lililopaki juani inapanda mbali zaidi. Mshumaa wa soya peke yake wenye asilimia 10 ya harufu nikiuacha garini mchana unatoka jasho, matone ya mafuta juu ya nta. Ukishatoka jasho usiuwashe hivyohivyo, futa kwanza kwa tishu, yale mafuta ya juu yanaweza kushika moto uso mzima. Ndiyo maana nashuka mpaka 8 na kuongeza nta ya nyuki, na wa kwenda mkoani kwa basi naomba uondoke na gari la usiku.

Jaribio la mwisho nawasha panga boi, kwa sababu najua mteja atawasha tu. Naweka mshumaa mbali na upepo wa moja kwa moja, naangalia kama mwali unalala upande mmoja. Ukilala, upande ule glasi inapata moto zaidi na masizi yanaanza, na hilo naliandika kwenye stika ya chini: weka mbali na feni, kata utambi milimita 5 kila ukitaka kuwasha, usipite saa nne, nta ikibaki sentimita moja acha. Kwenye B ile sentimita moja ilibaki baada ya mizunguko tisa. Glasi ilikuwa nyuzi 56.