Je, wajua kwa nini gari la mbio hupoteza kasi likitoka Mombasa kuja Kampala?

Gari linalomaliza mita 402 kwa sekunde 14 Mombasa, likiletwa Kampala bila kuguswa, litatumia kama sekunde 14.6. Halijaharibika. Limekosa hewa.

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Pwani kanieneo ya hewa ni kilopaskali 101 hivi, hapa ni 88. Silinda inavuta ujazo uleule, ila oksijeni iliyomo imepungua kwa karibu asilimia 12, na injini isiyo na turbo (feni inayoshindilia hewa ndani ya injini) hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Kwenye kabureta petroli haipungui sawa na hewa, ndiyo maana plagi hutoka nyeusi kwa masizi. Fundi hushusha jeti kuu, kitundu kinachopima petroli, saizi moja au mbili, kisha anasoma plagi upya. Kahawia hafifu ni nzuri. Nyeupe ni hatari, maana petroli imekuwa haba na pistoni inaweza kutoboka.

Gari la sindano za petroli zinazoongozwa na kompyuta hujipunguzia petroli lenyewe.

Kazi kubwa iko kwenye turbo, na Subaru za turbo zina wapenzi wengi Uganda. Turbo inayodhibitiwa kwa springi ya baa 1 (kilopaskali 100) huongeza baa 1 juu ya hewa iliyopo nje: pwani jumla ni 2.01, Kampala 1.88. Pengo ni dogo, na hapo ndipo injini nyingi hufia. Mtu anaongeza baa 0.13 kufidia, akidhani amerudi palepale. Kumbe turbo sasa inashindilia hewa mara 2.28 badala ya mara 2, inazunguka kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi. Intakula, yaani kipoza hewa ya turbo, ikishindwa kuipoza, injini inagonga (petroli inalipuka vibaya ndani ya silinda), na kingo za pistoni zinazoshika ringi huvunjika. Ukiona moshi wa buluu na kompresheni imeshuka kwenye silinda moja, usinunue ringi tu. Fungua injini ukague pistoni.

Badala ya kuongeza yote mara moja, ongeza baa 0.05 kwa kila mkimbio, mchanganyiko wa hewa na petroli ubaki karibu 11.5 kwa 1, na usikilize kila mara kama injini inagonga. Ukiweza, kimbia asubuhi: joto likipanda nyuzi 10, hewa hupungua uzito kwa asilimia 3 nyingine.